NJIA YA KUINGIA SHAMBANI: PIMA KWANZA, NDIPO UITE LORI

Wakulima wengi wana ng'ombe wazuri na chai nzuri, lakini njia ya kutoka barabarani mpaka bomani ni ya udongo mtupu. Mvua kubwa ya Machi hadi Mei ikinyesha, gari la maziwa halifiki. Maziwa huchachuka, na majani ya chai hupata joto ndani ya magunia na kuharibika. Hiyo ni hasara ya kila mwaka. Njia ya changarawe huizuia hasara hiyo, lakini kwanza yakupasa kufanya hesabu. Mtu anayeita malori bila hesabu hukwama katikati ya njia fedha zikiwa zimekwisha, au hubaki na chungu ya changarawe isiyo na kazi.

Maji ni adui wa kwanza

Kabla ya kununua chochote, itazame njia yako wakati wa mvua. Maji yanatoka wapi, na yanakwenda wapi? Changarawe iliyomwagwa juu ya tope huzama, nawe utakuwa umetupa fedha.

Ondoa nyasi, mizizi na udongo laini wa juu. Kisha utengeneze udongo wenyewe uwe na mgongo katikati. Kwa njia ya upana wa mita 3, katikati pawe juu kuliko kando kwa sentimita 7 au 8. Chimba mtaro kila upande, na penye mteremko utoe matawi ya kupeleka maji kwenye nyasi, ili mtaro usigeuke korongo. Usiyaelekeze maji kwa jirani. Tena, mahali njia yako inapokutana na barabara ya umma, usiuzibe mtaro wa barabara. Uliza kwanza ofisi inayoisimamia barabara hiyo kabla ya kuweka kalvati.

Mgongo ukitengenezwa katika udongo, changarawe hutandazwa kwa unene mmoja kila mahali, na hesabu huwa rahisi.

Hesabu yenyewe

Chukua kamba, vigingi na utepe wa kupimia. Tuseme njia yako ina urefu wa mita 60 na upana wa mita 3. Zidisha: 60 mara 3 ni mita 180 za mraba.

Hapa ndipo wengi husahau jambo moja: gari likiingia lazima ligeuke. Usipotenga mahali pa kugeukia, dereva atageuzia kwenye mboga zako. Tuseme mahali hapo ni mita 8 kwa 8, yaani mita 64 za mraba. Jumla sasa ni mita 244 za mraba.

Penye udongo mwekundu usiotuamisha maji, kama sehemu nyingi za Kiambu na Murang'a, unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa unatosha kwa magari machache kwa siku. Sentimita 15 ni mita 0.15. Basi 244 mara 0.15 ni mita 36.6 za ujazo.

Lakini usiagize kiasi hicho. Changarawe ndani ya lori imelegea; ikishindiliwa hupungua. Ongeza kiasi cha 3 kwa kila 10: 36.6 mara 1.3 ni karibu mita 48 za ujazo.

Sasa pima sanduku la lori. Likiwa na urefu wa mita 3.6, upana wa mita 2, na likijazwa kwa kina cha mita 0.7, linabeba mita 5 za ujazo. Gawanya 48 kwa 5, utapata 9.6. Agiza malori 10. Zidisha 10 kwa bei ya lori moja kwenu, nawe utajua gharama kabla ya kutoa hata shilingi. Kitakachobaki, zaidi kidogo ya mita 2 za ujazo, weka kando kwa kuziba mashimo baadaye.

Penye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, kama ule wa Mwea, sentimita 15 hazitoshi. Ukihesabu sentimita 25, eneo lile lile litahitaji malori 16. Ndiyo sababu haifai kuiga hesabu ya jirani wa wilaya nyingine.

Kuchagua na kununua

Nunua kwa kipimo cha sanduku, si kwa uzito. Changarawe iliyoloa ni nzito, na ukilipa kwa tani utakuwa umenunua maji.

Changarawe nyekundu, ile watu wanayoiita murram, si yote sawa. Chukua konzi moja, itie maji kidogo, uifinyange iwe donge. Ikiwa inanata mkononi kama udongo wa vyungu, itateleza wakati wa mvua. Ikiwa donge likikauka linabomoka lenyewe kama mchanga, haitashikana. Iliyo nzuri hushikana na kuwa ngumu, na ndani yake mna vijiwe vingi. Mawe makubwa kuliko sentimita 5 yaondolewe au yapondwe.

Kutandaza na kushindilia

Usikubali malori yote yamwage langoni. Tandaza kwa matabaka mawili. Lori moja linatosha karibu mita 17 za njia kwa tabaka moja. Piga vigingi, na dereva amwage penye kigingi.

Nyunyizia maji mpaka changarawe ishikane mkononi bila kuchuruzika, kisha uishindilie. Ukiwa huna mashine, tumia vishindilio vya mkono, au lori lililojaa lipite mara nyingi, kila mara likibadilisha mahali pa magurudumu. Msidharau kazi ya mikono. Mpango wa barabara za vijijini ulioanza Kenya mwaka 1974 ulijenga maelfu ya kilomita kwa majembe, mabeleshi na trekta zenye tela.

Januari na Februari ni wakati mzuri wa kazi hii, kabla ya mvua kubwa. Fedha zikiwa haba, usipunguze unene ili ufike mwisho wa njia. Tengeneza kwanza pale gari linapokwama, na sehemu iliyobaki ingoje msimu mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika vipimo vyako leo, na ikiwa una shaka, vipeleke kwa afisa wa kilimo aliye karibu nawe avitazame kabla hujaagiza lori la kwanza.