Misiani na Fumbo Linalopotea

Mbita nilikokulia, kaseti za D. O. Misiani hazikuchezewa ngoma tu. Wimbo ulipokwisha, mzee mmoja jirani yetu alikuwa akiuliza: "Haya, mnyama huyo ni nani?" Papo hapo mjadala ungeanza, na mara nyingi ulidumu kuliko wimbo wenyewe.

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, Tanganyika, ng'ambo tu ya Migori. Wakoloni waliupitisha mpaka katikati ya Wajaluo. Yeye aliuvuka, akafanya Kenya makao yake. Pamoja na bendi yake ya Shirati Jazz aliukuza muziki wa benga, ambao gitaa lake lina deni kubwa kwa nyatiti. Aliaga dunia Mei 2006 katika ajali ya barabarani huko Kisumu.

Aliimba visa vya wanyama na vya Biblia. Hata hivyo, wakuu wa serikali walijisikia wakitajwa, naye akatiwa korokoroni zaidi ya mara moja. Wahenga walinena kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Basi waliomkamata hawakuwa wajinga hata kidogo!

Lugha yenyewe ilimsaidia. Kijaluo hakina ngeli kama zetu: kiambishi o- katika kitenzi chaweza kumrejelea mtu, mnyama au kitu. Kiswahili kingekuwa kimekwisha kutoboa siri kwa "amevunjika" au "kimevunjika". Nadhani shahidi wa kisarufi angepata taabu mahakamani.

Mnamo 2010 nyimbo zake za miaka ya sabini zilitolewa upya Uingereza katika albamu iitwayo The King of History. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini kilichohifadhiwa ni sauti. Ufumbuzi wake ungali vichwani mwa wasikilizaji wa zama zile, nao wanapungua. Bila wao, mwanafunzi wa leo atasikia kisa cha mnyama, basi.

Walimu wenzangu wa Homa Bay na Migori, mpeni mwanafunzi daftari aende kwa babu au nyanya yake. Amchezee wimbo mmoja, aulize ulimlenga nani, mwaka gani, na watu walisemaje. Majibu yatapingana, yaandikwe yote. Yule mzee jirani yetu tulimzika kabla sijaandika hata jibu lake moja.