Ukitaka Kufungua Duka la Kinga Katana

Kwetu Kivu baiskeli huitwa kinga. Simama alfajiri kando ya barabara ya taifa namba 2, inayotoka Bukavu, ikapita Kavumu na kufika Katana kabla ya kuendelea Kalehe, utaziona kinga zikisukumwa zaidi kuliko kupandwa: mikungu ya ndizi pande zote mbili, gunia la makaa kwenye keria, madumu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mwenye mzigo huo hatembei kwa starehe. Spoku tatu zikikatika njiani, ndizi zake zitafika sokoni wanunuzi wameshaondoka, na siku imempotea.

Ninaanza na mtu huyo kwa sababu ndiye mteja wako. Vijana wengi wanaotaka kufungua duka huuliza kwanza wapange kinga ngapi mpya mbele ya mlango. Mimi nasema wasianze hata na moja. Kinga mpya ni fedha iliyolala, na anayeinunua leo huenda asirudi kununua nyingine kwa miaka mingi. Lakini pancha haina msimu, breki zinaisha, cheni inalegea, gololi zinasagika. Duka la Katana litaishi kwa mkono wa fundi na kwa vipuri vidogo. Kinga za kuuza zije baadaye, faida ya matengenezo ikishakuruhusu.

Basi fundi lazima ajue vipuri, na hapo ndipo wengi huanguka. Chukua tairi. Mteja anasema anataka la inchi 28, nawe unampa, kumbe yako matairi mawili tofauti yanayoitwa kwa jina hilo. Kinga nzito za mtindo wa zamani, kama Phoenix ya China na Hero ya India, kwa kawaida hutumia 28 kwa 1½, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Kinga nyembamba zilizotumika, zinazotoka Ulaya, mara nyingi zina rimu ya milimita 622, nayo pia huandikwa 28. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la moja halikai kwenye nyingine. Hata 26 ina mitego: ya kinga za milimani ni 559, ile ya 26 kwa 1⅜ ni 590. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 40-635: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Hiyo ya pili ndiyo usiibishie. Ukienda soko la Kadutu, Bukavu, kununua mzigo bila kuandika namba hizo, utarudi na matairi ya kupamba ukuta.

Na tairi si kitu cha kuchezea katika nchi hii. John Boyd Dunlop wa Belfast alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, kinga zilienea Ulaya, na mpira wake ukatafutwa katika misitu ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili kwa viboko na kwa mikono iliyokatwa. Babu zetu walililipia tairi kabla hawajalipanda. Mimi huumia nikiona tairi jipya linaharibika kwa sababu muuzaji hakusoma namba.

Vifaa vya kazi nunua kabla ya kibao cha dukani. Ufunguo wa kukaza spoku, kifaa cha kukatia cheni, spana nyembamba za habu, pampu imara, vyuma vya kutolea tairi ili usitumie bisibisi inayotoboa tyubu. Stendi ya kunyooshea gurudumu si lazima uinunue: uma wa kinga kuukuu, ukifungwa imara kwenye meza, unatosha. Pini za mikono ya pedali zisipigwe nyundo hewani. Weka kipande cha bomba la chuma chini ya mkono wa pedali ndipo upige, la sivyo pigo linashuka hadi kwenye gololi na kuharibu njia yake. Mkumbushe pia msaidizi wako kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia. Nyuzi nyingi zimeliwa kwa kusahau jambo hilo.

Cheni ipime kwa rula, usiamini jicho. Pini 25 zinazofuatana zina nafasi 24 kati yake, na katika cheni mpya nafasi hizo ni milimita 304.8. Zikifika 306 na nusu, mwambie mteja abadili cheni. Zikifika 308, gia ya nyuma nayo imekwisha, na cheni mpya itarukaruka juu yake. Mwonyeshe rula mwenyewe. Akiona kwa macho yake hatadhani unamla.

Breki zinahitaji neno la peke yake. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka upande wa Lwiro njia inateremka kuelekea ziwani. Rimu ya chuma ikilowa hushika vibaya sana, na mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Nunua mpira wa breki kwa wingi mwezi Agosti, kabla bei haijapanda. Kinga yenye breki mbovu usiiachie itoke dukani na mzigo, hata mwenyewe akikuhimiza. Kama hana fedha, mtengenezee breki kwa deni.

Deni lenyewe lina mpaka. Kwangu kanuni ni hii: kazi ya mkono inaweza kukopeshwa kwa jirani unayemjua, kipuri hakikopeshwi, isipokuwa hiyo mipira ya breki. Kipuri umekilipia dola, na mteja anakulipa faranga. Tuseme tairi ulilinunua kwa dola 6 wakati dola ni faranga 2,500, yaani 15,000, ukaliuza 17,000. Dola ikipanda hadi 2,900, tairi jingine litakugharimu 17,400. Ulidhani umepata 2,000, kumbe hata tairi lenyewe huwezi kulirudisha. Panga bei kwa dola, na faranga za vipuri zigeuze mapema. Mtaji wa kuanzia afadhali utoke kwenye likirimba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, kuliko kwa mkopeshaji wa riba.

Kuhusu karatasi, Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu Septemba 2012, na sheria yake inamruhusu mfanyabiashara mdogo kuanza kwa tamko tu, bila kuandikishwa kama kampuni. Inamtaka aandike kila siku kilichoingia na kilichotoka, na daftari lihifadhiwe miaka 5. Hata bila sheria ningelitaka daftari hilo. Humo uandike pia namba ya fremu ya kila kinga iliyotumika unayoinunua, mbele ya mkuu wa nyumba kumi au shahidi mwingine. Kinga ya wizi ikikutwa kwako, jina lako limekwisha.

Tangu Februari 2025, vita vilipopita Kavumu hadi kuingia Bukavu, tumejifunza kutoweka mali yote chini ya paa moja. Vipuri vidogo vinafaa hapo pia: sanduku moja la gololi, spoku na tyubu unaweza kulibeba mgongoni.

Jambo la mwisho ni mwanafunzi. Mchukue mmoja, mvulana au msichana, umfundishe bila kumficha chochote. Akitaka kuondoka akafungue lake, mwache aende na umuuzie vipuri kwa bei ya jumla. Kati ya Katana na Kalehe kinga ni nyingi kuliko mafundi wanaojua kuzitengeneza.