Mabano kwenye fomula ya mbolea ya SA yana kazi gani?

Wanafunzi wa Kibaha na Kisarawe wanaosoma kemia hukwama palepale: kwenye mabano. NaCl ya chumvi ya mezani wanaiandika bila shida, ila wakikutana na (NH₄)₂SO₄ kalamu inasimama. Tuanzie shambani basi, maana hiyo ni mbolea ya SA, wakulima wa mboga na mpunga wa bonde la Ruvu wanaijua vizuri.

NH₄ ni kundi. Naitrojeni moja imeshikana na haidrojeni nne, na kundi zima lina chaji moja chanya. SO₄, yaani salfeti, ni kundi pia: salfa moja na oksijeni nne, chaji mbili hasi. Chaji lazima zilingane, kwa hiyo salfeti moja inadai NH₄ mbili. Ile mbili inakaa nje ya mabano kwa sababu inahesabu kundi zima. SO₄ iko moja tu, haina haja ya mabano.

Ukiyaacha, unapata NH₄₂SO₄. Hapo umeandika haidrojeni arobaini na mbili!

Jaribu aluminiamu salfeti, shabu inayotumika kusafisha maji yenye tope. Aluminiamu ina chaji tatu chanya, salfeti mbili hasi. Zinakutana kwenye sita: aluminiamu mbili, salfeti tatu. Al₂(SO₄)₃. Namba ya ndani, ile nne, usiiguse kamwe. Chokaa iliyozimwa ni hivyo hivyo: Ca(OH)₂.

Sasa mzazi achukue mfuko, mtoto achukue daftari. Uzito wa naitrojeni ni 14, haidrojeni 1, salfa 32, oksijeni 16. Jumla ya SA ni 132, na naitrojeni zake mbili ni 28. Gawanya: asilimia 21, ileile iliyoandikwa kwenye mfuko. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo kumi na nusu hivi. Mtoto akisahau ile mbili ya nje atapata asilimia 12, na mtamlaumu bure muuzaji wa pembejeo.

Jambo moja zaidi kwa mkulima: SA na chokaa visichanganywe pamoja. OH ya chokaa huinyang'anya NH₄ haidrojeni moja, inabaki amonia, nayo inaruka hewani. Ile harufu kali inayochoma pua ni naitrojeni uliyoilipia.