Kazi Yako Inakaa Wapi Umeme Ukikatika?

Umeme ukikatika kwenye maabara ya kompyuta, mguno husikika chumba kizima. Wenye kompyuta mpakato wanaendelea kuchapa, betri imewashikilia. Wenye kompyuta za mezani wanabaki wakitazama skrini nyeusi. Umeme unaporudi, mwanafunzi mmoja anafungua barua yake na kuikuta nzima. Wa pembeni yake anakuta aya ya kwanza tu. Mashine ni za aina moja na programu ni ile ile. Mmoja alisevu, mwingine hakusevu, na yawezekana hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa nini kitendo hicho kidogo kina uzito kiasi hicho.

Jibu limo ndani ya chipu. Herufi unayochapa huingia kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ile iitwayo RAM. Aina inayotumika leo ilitokana na wazo alilolipata Robert Dennard, mhandisi wa IBM, mwaka 1966: kila biti, yaani kila 0 au 1, itunzwe na transista moja na kapasita moja. Kapasita ikiwa na chaji ni 1, isipokuwa nayo ni 0. Lakini kapasita ndogo namna hiyo ni mtungi unaovuja. Chaji huanza kupotea mara tu inapowekwa, hivyo kompyuta hulazimika kuzisoma seli zote na kuzijaza upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64. Hiyo ni zaidi ya mara 15 kwa sekunde. RAM ya gigabaiti 8 ina seli zaidi ya bilioni 68, na zote huhudumiwa hivyo muda wote mashine ikiwa imewaka. Umeme ukikatika, hakuna tena wa kujaza, na barua imekwenda.

Diski haina tabia hiyo. Diski ya zamani huandika kwa sumaku. Diski ya kisasa hutumia flashi, ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliibuni miaka ya 1980; hii hufungia elektroni ndani ya kihami, zikakaa humo kwa miaka bila umeme. Mbona basi tusiandike moja kwa moja kwenye diski? Kwa sababu RAM ina kasi kubwa zaidi. Kusevu, basi, ni kunakili kazi kutoka kwenye kumbukumbu ya haraka inayosahau kwenda kwenye ile ya polepole inayokumbuka. Programu ya Word hujiwekea nakala ya dharura, lakini kwa kawaida ni kila baada ya dakika 10, na katika dakika 10 mtu ameshaandika mengi.

Simu imelificha jambo hili. Kwenye simu hakuna anayesevu. Picha na ujumbe hujihifadhi vyenyewe, na mtumiaji haulizwi viwekwe folda gani. Ndiyo maana kijana mwepesi wa simu hufika chuoni, akaambiwa atume faili la ripoti, akapiga picha skrini na kuituma. Si mzembe. Hajawahi kuonyeshwa faili ni kitu gani. Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018, uliopima wanafunzi wa mwaka wa nane wa shule katika nchi kama Denmark, Ujerumani na Korea Kusini, ulikuta asilimia 2 tu wamefikia ngazi ya juu kabisa ya ujuzi wa kompyuta. Kukulia kwenye vifaa hakumfundishi mtu kompyuta.

Kenya ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, na ilikuwa hatua njema. Ila kishikwambi nacho huficha mafaili kama simu. Na pale penye kompyuta kamili, kipindi mara nyingi huishia kukariri vizazi vitano vya kompyuta na majina ya sehemu zake. Naona tumeanzia mwisho.

Mwalimu wa TEHAMA, kipindi cha kwanza kiwe hiki: kila mwanafunzi atengeneze folda yenye jina lake, aandike sentensi moja, aisevu humo, azime kompyuta, aiwashe tena, kisha aitafute sentensi yake mwenyewe bila kusaidiwa. Kama kompyuta ni moja kwa wanafunzi watano, washike zamu, na asiruke mtu. Vizazi vitano vinaweza kusubiri wiki ijayo.