Mtoto Mdogo Ndani ya Ngome Kongwe

Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwezi wa Februari tangu mwaka 2004, huwa na jukwaa lake kuu ndani ya Ngome Kongwe, boma la mawe lililojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, na miongoni mwa watazamaji wake huonekana wazazi waliofuatana na watoto wadogo. Hilo si la kushangaza, kwa kuwa katika ngoma za pwani mtoto amekuwepo siku zote, akilala mgongoni mwa mama au akichezacheza kando ya wapigaji. Kilichobadilika ni ukubwa wa sauti na saa za maonyesho, na haya mawili yanastahili kumshughulisha mzazi kuliko swali la umri linaloulizwa kila mara.

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo kisichopanda kama kilo au mita, kwani kila nyongeza ya desibeli 3 huzidisha nishati ya sauti maradufu na kupunguza kwa nusu muda ambao sikio linaweza kuistahimili bila kudhurika. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa salama kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Na kwa kuwa mwongozo wake wa mwaka 2022 unaruhusu wastani wa hadi desibeli 100 katika kumbi za muziki, mtoto asiye na kinga hubakiwa na dakika zisizofika kumi. Kinachoharibika ni seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva, na ambazo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Wapo watoto wanaosinzia katikati ya kelele, na wazazi hudhani ni raha, ilhali sikio la aliyelala hupokea mtikisiko uleule.

Pamba haizuii sauti ya kutosha, na vizibo vya sponji ni hatari kwa mtoto mdogo, ambaye akivichomoa huweza kuvitia mdomoni na kupaliwa. Vinavyofaa ni vifunika masikio vya ukanda wa kichwani, vya saizi ya mtoto, ambavyo azoeshwe nyumbani mapema, la sivyo atavivua wimbo wa kwanza haujesha. Kukaa mbali na spika kunasaidia pia, ingawa kuta za ngome huirudisha sehemu ya sauti.

Februari ni msimu wa kaskazi, wenye joto kali, na mtoto huishiwa maji mwilini upesi kuliko mtu mzima. Maonyesho makubwa huendelea hadi usiku mwingi, na mzazi anayemngoja msanii wa mwisho huku mtoto akilia begani amekwenda kwa ajili ya nafsi yake. Kinachomfaa mtoto zaidi ni maandamano ya ufunguzi, ambamo hupigwa beni, yaani muziki wa tarumbeta na ngoma uliozuka pwani kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu: sauti hupita na kwenda zake, na ikizidi, kichochoro hakiko mbali.

Kuhusu kupotezana, namba ya simu ya mzazi iandikwe mkononi mwa mtoto kwa wino usiofutika haraka. Bustani ya Forodhani, iliyo mkabala na ngome, hufaa kuwa mahali pa kukutania, lakini usiku, wachuuzi wa urojo na mishikaki wanapoijaza, ni lazima familia iafikiane mapema juu ya mti au kona mahsusi.