Kinanda cha Kale Kinapoingia Kwenye Kompyuta

Harpsikodi haijali hasira ya mpigaji. Ubonyeze kitufe kwa upole au kwa kishindo, ukubwa wa sauti haubadiliki sana, kwa kuwa ndani hamna nyundo kama za piano. Kuna kijiti cha mbao chenye ncha ya unyoya wa ndege. Kitufe kikishuka, kijiti hupanda na kuukwanyua uzi, kama mpiga udi wa taarabu afanyavyo kwa mkono.

Udhaifu huo ulichangia piano kukipiku kinanda hiki mwishoni mwa karne ya 18. Leo ndio unaowapunguzia kazi watengenezaji wa vinanda vya kompyuta, yaani programu zinazotoa sauti zilizorekodiwa kutoka vinanda halisi. Anayerekodi piano hunasa kila noti kwa nguvu tofauti, kuanzia mguso mwepesi hadi mzito. Kwa harpsikodi, ngazi moja yatosha.

Hata hivyo, kazi ipo. Harpsikodi aliyoiunda Pascal Taskin jijini Paris mwaka 1769, ambayo sasa inatunzwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh, ina safu mbili za vitufe, kila moja vitufe 61, na seti tatu za nyuzi, yaani nyuzi 183. Kurekodi kinanda cha aina hiyo ni kuukwanyua kila uzi peke yake, tena mara kadhaa, ili noti inayorudiwa isisikike kama mashine. Hunaswa pia mkwaruzo mdogo wa kijiti kinaporudi chini na kitambaa kuuzima uzi. Mkwaruzo huo ukikosekana, sikio zoefu hung'amua mara moja.

Lakini tusidanganyike kwamba tunaisikia Paris ya 1769. Nyuzi hukatika, manyoya huchakaa, mafundi hubadilisha. Maikrofoni hunasa kinanda kilivyo siku ile ya kurekodiwa. Taskin mwenyewe alisifika kwa kuvifumua vinanda vya zamani vilivyoundwa na ukoo wa Ruckers wa Antwerp na kuvipanua ili viongezewe noti.

Kuna pia suala la kidole. Mpigaji wa harpsikodi huhisi uzi ukigoma kabla ya kuachia, na kwa kuwa hawezi kuongeza ukubwa wa sauti, huusemesha muziki kwa kuchelewesha noti au kuifupisha. Mtunzi François Couperin aliona mguso huo unastahili kitabu kizima, akakichapisha mwaka 1716. Programu humpa sauti mwanafunzi asiyeweza kununua harpsikodi, na hilo si haba. Mguso itabidi aufuate kwenye kinanda chenye nyuzi.