Bunduki Kuukuu ya Vita: Zuia Kutu, Acha Makovu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, bunduki nyingi za Lee-Enfield, silaha ya kawaida ya jeshi la Uingereza, ziliuzwa na majeshi kwa bei ya chini, zikaangukia mikononi mwa wawindaji wa Marekani na Kanada. Wengi walikata mbao ya mbele ili kupunguza uzito, wakapiga msasa kitako na kukipaka vanishi. Leo wakusanyaji wanazitafuta zile ambazo hazikuguswa, hata zikiwa zimechubuka vipi.

Msimamo wangu ni huu: zuia uharibifu usiendelee, lakini usiifanye bunduki ionekane mpya. Sura yake ni ushahidi, na msasa hufuta ushahidi huo kwa dakika chache. Ukisugua kitako unaondoa mihuri ya wakaguzi iliyogongwa kwenye mbao. Ukiuingiza mwili wa bunduki kwenye asidi, nambari zilizokwisha kufifia zinapotea kabisa. Kuna Lee-Enfield zilizofungwa waya kuzunguka mbao ya mbele. Mgeni wa bunduki hizi hudhani ni kiraka cha fundi wa mtaani, akaukata. Kumbe ni kazi ya jeshi lenyewe: waya uliimarisha mbao ili bunduki ihimili kurusha makombora ya mkono.

Hapa wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Jeshi lilizikarabati bunduki zake mara kwa mara. Herufi FTR ubavuni, pamoja na mwaka, zinaonyesha kwamba bunduki ilifanyiwa matengenezo kamili. Baadhi zilipakwa rangi nyeusi nzito juu ya chuma. Sasa kwa nini fundi wa leo akatazwe? Kwa sababu ukarabati ule ulikuwa sehemu ya utumishi wa silaha. Askari wa KAR (King's African Rifles), kikosi cha Uingereza cha Afrika Mashariki, waliopigana Burma mwaka 1944 walibeba bunduki za aina hii, na kovu la utumishi kama huo haliwezi kugongwa upya.

Kutu nayo haifanani. Ile nyekundu, inayoacha unga kidoleni, bado inakula chuma. Ilainishe kwa mafuta mepesi, uikwangue taratibu kwa kipande cha shaba, kisha paka nta. Ile nyeusi, ngumu, iliyoshikamana na chuma, iache. Mbao iliyokauka inatosheka na mafuta kidogo ya kitani.

Kama unakusudia kuipiga, usalama unatangulia historia. Fundi wa silaha apime nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi. Katika Lee-Enfield ya muundo wa Namba 4, vichwa vya komeo vilitengenezwa kwa vipimo vinne, 0 hadi 3, ili kurekebisha nafasi hiyo; kubadilisha kimoja hakuharibu chochote, mradi kile cha zamani kihifadhiwe.

Bunduki iliyokwisha kukatwa na mwindaji ni suala jingine. Hiyo naunga mkono irudishiwe mbao kamili, kwa maandishi yanayotaja kila kilichobadilishwa, na mbao iliyokatwa iwekwe pamoja nayo.